Juliana na Sauti Zilizofutwa

Kila Jumanne na Alhamisi, kipindi cha mwisho, wanafunzi wa Darasa la Saba katika shule moja ya Kinole huacha viatu vyenye tope mlangoni na kuingia chumba cha kompyuta. Kompyuta ni tano, zote za mezani, zote zilishatumika mjini kabla ya kupandishwa milimani. Mtandao hutoka kwenye simu ya Mwalimu Twalibu, ambayo lazima ikae dirishani. Ikisogezwa kidogo tu, kazi husimama.

Juliana alikuwa kiranja wa chumba hicho. Alifuta vumbi, alitunza ufunguo, na daftari lake lilikuwa safi kuliko yote. Jumanne moja mwalimu alifundisha namna ya kuweka na kuondoa programu kwa kuandika amri za Kiingereza zinazoanza na neno flatpak, bila kugusa kipanya.

"Kila programu tunayoweka kwa njia hii inakaa kwenye chumba chake," alisema. "Haiingii kwa jirani mpaka ipewe ruhusa. Ukiandika flatpak install, unaiweka. Flatpak list inakuonyesha zilizopo. Flatpak uninstall inaiondoa, lakini vitu vyake vinabaki chumbani. Ukiongeza delete-data, inaondoka na kila kilichomo. Mmeelewa?"

"Ndiyo, mwalimu," darasa zima liliitikia.

Liliitikia hivyo kila siku. Katika darasa lile hakuna aliyewahi kujibu hapana, hata yule aliyekuwa akisinzia. Juliana hakuelewa tofauti ya amri mbili za kuondoa, ila alizinakili zote kwa mwandiko mzuri.

Kwenye kompyuta ya tatu kulikuwa na kazi ya Benedikto. Kwa wiki tatu bibi yake, Bibi Magdalena, alikuwa akipanda hadi shuleni kurekodiwa akieleza jinsi mdalasini unavyomenywa na iliki inavyokaushwa. Rekodi zilifika tisa, ya mwisho ikiwa wimbo wa mavuno, zote ndani ya programu ya kurekodi. Jumamosi zingepelekwa kwenye maonyesho ya shule mjini Morogoro, na Benedikto ndiye angesimama mezani kuzieleza. Hakuwa hodari wa hesabu wala Kiingereza. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuchaguliwa kwa jambo lolote.

Jumatano Juliana aliomba ruhusa ya kuweka programu ya kuchora, ili atengeneze bango la maonyesho. Mwalimu alimwachia simu dirishani, akaenda ofisini. Kompyuta ya tatu ikakataa kwa sababu nafasi ilikuwa imejaa. Juliana aliona kazi ya kurekodi imekwisha, akaamua kuiondoa programu ile na kuirudisha baadaye. Akafungua daftari, akachagua amri ndefu kwa kuwa ilionekana ya kitaalamu zaidi. Mashine ikamuuliza swali kwa Kiingereza. Akabonyeza herufi ya kukubali. Ikauliza tena, akabonyeza tena. Hakusoma swali hata moja. Bango lake likatoka zuri sana.

Alhamisi Benedikto hakuiona programu yake. Mwalimu aliirudisha, ikafunguka ikiwa tupu. Akatazama orodha ya waliotumia kompyuta ya tatu. Viranja hawakuwa na kawaida ya kujiandikisha, kwa hiyo jina la mwisho lilikuwa la Benedikto.

"Umefanya nini, Benedikto?"

"Sijafanya kitu, mwalimu."

"Tisa zote zimeondoka zenyewe? Basi Jumamosi utabaki shuleni. Tutapeleka kazi nyingine."

Benedikto hakulia. Alivaa viatu vyake na kuondoka bila kufunga kamba. Juliana aliona haya, na hofu vilevile, maana alikuwa ameshaelewa amri ile ndefu ilifanya nini. Alisubiri wenzake watoke wote.

"Mwalimu, si Benedikto. Ni mimi niliyeiondoa jana."

Mwalimu Twalibu akaketi. "Mashine haikukuuliza?"

"Iliuliza mara mbili. Sikusoma. Nilijibu ndiyo."

"Unajibu ndiyo kwa swali usilolijua?"

"Hata ukituuliza kama tumeelewa, huwa tunajibu hivyo, mwalimu."

"Na Jumanne mlikuwa hamjaelewa?"

"Mimi sikuelewa. Nadhani wengi pia."

Kesho yake asubuhi mwalimu alimwomba Benedikto radhi mbele ya darasa, na Juliana akafanya hivyo pia. Kisha wote watatu waliteremka hadi shambani kwa Bibi Magdalena wakiwa na simu ya mwalimu. Walimkuta akimenya magome ya mdalasini.

"Shikamoo, bibi," alisema Juliana. "Maneno yako nimeyapoteza mimi. Tumekuja kukuomba uyarudie."

"Marahaba. Uzee huu nao una kazi," alisema bibi. "Haya, kaeni. Ila ule wimbo wa mavuno sitauweza. Niliuimba na dada yangu Joyce, naye amesharudi kwake Mzinga. Wimbo ule ni wa watu wawili."

Walirekodi mpaka mchana, wakapata nane. Safari hii waliweka nakala mbili, moja nje ya chumba cha programu.

Jumamosi Benedikto alisimama mezani na kueleza vizuri, tena bila karatasi. Mgeni mmoja, mama mwenye miwani, alitazama bango la Juliana, ambalo bado liliandikwa rekodi tisa.

"Mbona nasikia nane tu?"

Benedikto aligeuka kumtazama Juliana. Juliana akasogea mbele.

"Ya tisa niliifuta mimi. Mashine iliniuliza kama nakubali, nikakubali bila kusoma. Ulikuwa wimbo."

Mama yule alimshukuru, akaomba kusikiliza nane zilizobaki.

Wakati wa kufunga vitu, Mwalimu Twalibu aliwaita wote wawili. "Juliana, umesema kweli mara mbili, na ya leo ilikuwa ngumu zaidi kwa sababu ilikuwa mbele ya wageni. Nami nimekosea. Nilimhukumu Benedikto kwa jina kwenye orodha, na siku zote nimeridhika na ndiyo zenu bila kuzipima. Kuanzia Jumanne, asiyeelewa aseme hajaelewa, nami nitarudia hata mara kumi. Kusema sijaelewa kunachukua dakika moja. Wimbo ule sijui kama tutausikia tena."

Juliana alichukua kalamu, akakata neno tisa kwenye bango lake, akaandika nane.