Mate Kwenye Tangi la Githongo

Maji ya tangi yaliongezeka. Hilo ndilo lililomkera Ednah kwanza, maana maji ya tangi lililo wazi hupungua, hata mtoto wa darasa la nne angekuambia. Ednah alisomea mambo ya samaki chuoni, kisha akapewa kazi ya kulitunza tangi hili la kioo katika ukumbi wa jamii wa Githongo. Jumatatu alitia alama kwa kalamu. Ijumaa maji yalikuwa yameipita alama kwa vidole viwili, na juu yake umetanda utandu wa kuvutika kama ute wa yai bichi.

Ndani waliogelea samaki watano wenye madoa, walioletwa kutoka kwenye mikoko ya pwani, pale mto unapokutana na bahari, ndiyo maana maji yao hayakuwa matamu wala ya chumvi kamili. Miiba yao ya mgongoni ina sumu. Ukichomwa, mkono unavimba hadi kwapani. Ednah alikuwa ameandika ukutani kwa herufi kubwa: USITIE MKONO. Hakufikiria kuandika USITEME.

Kwani nani angefikiria? Lakini siku ya ufunguzi baba yake, Mzee Mutuma, mwenyekiti wa kamati, alijaza kinywa pombe ya asali akaipuliza juu ya maji, pfuuu, jinsi wazee wa Meru wanavyobariki mtoto au ng'ombe.

"Baba, aki hiyo maji iko na vipimo!"

"Mwari, binti yangu, hii ni mate ya baraka. Umesoma mpaka ukasahau wewe pia ulitemewa?"

Watu walicheka. Msimu huo kahawa ya Mzee Mutuma ilizaa hadi matawi yakapasuka, basi ikawa desturi. Kila Jumapili, wakitoka kanisani na tai zao shingoni, na midomo iliyomaliza sasa hivi kumwimbia Mungu, wazee walipanga foleni, mmoja wao, Kobia, akiwa mbele, kila mmoja akavuta kohozi kutoka alikojua mwenyewe na kulidondosha ndani. Ednah aliiandikia kamati barua tatu. Kamati ilijibu kwamba mila iheshimiwe.

Harufu ikaja: harufu ya kinywa cha mtu aliyelala njaa akaamka na homa. Samaki wakasusa chakula chao. Walingoja Jumapili, na kohozi la Kobia lilipozama walilipigania, wakalinyonya, wakalitema, wakalinyonya tena. Mchana mmoja stima ilipotea, pampu ikanyamaza, na katika ule ukimya Ednah akasikia tangi likimeza. Mara moja tu, taratibu, kama mzee anywaye uji.

Nyumbani, baba yake alikuwa anakauka. Mate yalimwisha kinywani. Hospitali haikuona ugonjwa. Githeri ya mahindi na maharagwe ilimkwama, ulimi ukapasuka nyufa, akawa anamaliza mtungi mzima wa maji na bado ananong'ona, "Nina kiu, mwari." Uzito ulimtoka. Ednah alipolinganisha siku, alikuta kwamba kadiri tangi lilivyojaa, ndivyo baba yake alivyokauka. Kwa mwendo huo hangefika Krismasi.

Alimtafuta Rwamba, mganga wa kike kutoka Mbeere, akamleta ukumbini pamoja na Mzee Mutuma siku ya Jumapili, ibada ikiendelea kanisani. Mganga alisimama mlangoni, leso puani.

"Hii kitu ilikuja na maji yake. Ni jini. Huko kwao watu wanaijua, hakuna mtu anaitemea. Nyinyi mmeilisha vinywa vyenu, na aliyeanza ndiye inamnywa kwanza."

"Atapona?" Ednah alinong'ona.

"Wewe mtoto wake umchotee kikombe kimoja cha maji haya, mate yake yamrudie. Asukutue, ateme nje kwa udongo. Usimeze, mzee. Hata tone. Umenisikia?"

Mzee Mutuma aliitikia kwa kichwa, macho yake hayatoki kwenye maji.

Ednah alikunja mkono wa blauzi, akazamisha kikombe kupitia ule utandu uliomng'ang'ania ngozi kwa joto, joto la ndani ya shavu la mtu, na wale samaki watano wakageuka pamoja, wakainua miiba, wakamkaribia polepole bila kutikisa mkia, hadi wa kwanza akamgusa kifundo cha mkono na moto ukampanda mkono mzima. Hakuachilia. Alimpa baba yake kikombe, kisha akaanguka magoti, amekumbatia mkono wake, akilia kwa maumivu.

Kwa hivyo hakuona. Alisikia tu: gud, gud, gud. Mtu aliyekaa miezi na kiu, umpe maji na umwambie asimeze!

"Baba! Tema! Aki Baba, tema!"

Rwamba alikuwa ameshakimbia. Tangini maji yalikuwa safi kama ya mtungi, samaki wameelea matumbo juu. Mzee Mutuma alifuta kidevu. Midomo yake iling'aa, imelowa.

"Pole kwa mkono, binti yangu," akasema, kwa Kiswahili laini cha pwani ambacho baba yake hakuwahi kukizungumza maishani. "Kioo kile kilinibana mno."

Nje kulisikika viatu vya wazee wakitoka kanisani, na Kobia akisafisha koo.

"Waambie waingie. Wasijisumbue na tangi." Akaketi kwenye kiti cha mwenyekiti, akalaza kichwa nyuma, akafungua kinywa wazi kabisa, akangoja.