Marahaba ya Kitanda Kitupu

"Mnyororo hautoki," Onyango alisema. "Huyo ni mfungwa, si babako."

"Hajui hata kama amefungwa," binamu yangu Idrisa alimjibu. "Akiamka anadhani yuko kwao Pemba, mama yake amemtuma maji. Anainuka, mnyororo unamwangusha. Kifundo kimeoza. Mfungue."

"Anaigiza, bro. Wazee wa jela ni wasanii."

Idrisa alikuwa mhudumu wa wodi ya wafungwa wagonjwa, Doha, mwaka 2012. Onyango ndiye mlinzi, na ufunguo ulikaa kiunoni mwake. Mzee Mbaruku alikuwa amesahau kosa lake, watoto wake, hata jina lake. Kitu kimoja hakukisahau. Kila alasiri aligeukia kitanda kitupu cha dirishani, akainamisha kichwa kama mtoto.

"Shikamoo, mama."

Kwa kumstahi mzee, Idrisa naye alikiamkia kitanda kile kila akiingia zamu. Onyango alikikalia.

"Mimi nisalimie godoro?" Siku hiyo ya ubishi wa mnyororo alikuwa amekikalia vilevile, buti zikining'inia. Adhana ilikuwa imekwisha. Mzee akageuka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Sauti ya kike. Kavu. Katika wodi ya wanaume.

Onyango aliruka akasimama. Godoro halikuinuka. Lilibaki limebonyea, kama aliyekaa hapo bado yupo.

Mnyororo ukalia. Mara moja.

Walipogeuka, Mzee Mbaruku alikuwa amesimama katikati ya wodi, miguu mitupu, anatabasamu. Mnyororo ulikuwa umetoka mguuni mwake, umehamia kwenye mguu wa kitanda cha dirishani. Umefungwa. Kufuli zima. Ufunguo bado kiunoni mwa Onyango.

"Mrudishe," Onyango alinong'ona. "Mfunge."

"Simfungi."

"Nitakuripoti."

"Ripoti. Wanipandishe ndege leo hii nirudi Tanga. Simfungi, na wewe humfungi nikiwa nimesimama hapa."

Onyango akapiga hatua kumwendea mzee. Mguu wa kulia haukumfuata. Akauvuta. Haukutoka.

"Idrisa," alisema polepole. "Kuna kitu kimenishika."

Idrisa akatazama chini. Hapakuwa na mtu. Palikuwa na buti jeusi, na juu yake alama za vidole vitano, vyembamba, zinachuruzika maji.

Hakumsaidia. Alimshika mzee mkono, akamkalisha, akaanza kumsafisha kidonda.

"Unadaiwa shikamoo," alimwambia Onyango bila kugeuka. "Itoe."