Bahasha Tatu za Kilima cha Nyatike

Saa nne na robo asubuhi, Jumanne tarehe 28 Julai 1998, mashine ya faksi katika kituo kidogo cha utafiti mjini Migori ilitema karatasi mbili. Edinah Nyamoita, mtunza stoo, alizisoma akiwa amesimama, kisha akakaa chini akazisoma tena.

Kituo kilikuwa kinatafuta jambo moja tu: ni aina ngapi za kuvumwani, yale magamba ya kijivu na ya rangi ya chungwa yanayoganda juu ya mawe, zinazoishi katika nchi kavu kutoka Nyatike hadi Lambwe, upande wa Homa Bay. Kwa macho, aina kumi hufanana kama mapacha. Ndiyo maana kipande cha kila sampuli kilipelekwa maabara Nairobi, DNA yake isomwe. Sasa maabara ilikuwa imejibu. Sampuli namba 47, 48 na 49, zilizoandikwa kuwa zimetoka kwenye mwamba mkavu wa Nyatike, zilikuwa za aina inayoota kwenye magome ya miti, huko juu kwenye baridi na ukungu.

Dokta Gichana, mkuu wa kituo, alimwita Irine ofisini. Irine Akoth alikuwa msichana wa miaka ishirini na miwili, ndiye aliyepanda vilima na kubandua sampuli zote.

"Irine, kilima kile ulikipanda?"

"Nilikipanda, Dokta."

"DNA inasema hukukipanda. Inasema ulibandua magamba kwenye mti wa mtu, ukaandika Nyatike."

"Nilikipanda," Irine alirudia.

"Ijumaa nilikuwa nitume jina lako, ukasomee maabara miaka miwili. Nitume jina la mtu asiyeaminika?"

Edinah alikuwa mlangoni. Shule aliiacha darasa la saba, lakini vitabu vya Dokta alikuwa amevisoma vyote wakati wa chakula cha mchana, kamusi pembeni. Alisema kwa upole, "Dokta, nipe mpaka Alhamisi adhuhuri. Sijasema ni mkweli. Sijaona bado, basi."

Dokta alimpa.

Jumatano waliondoka mapema. Dereva wa kituo, Maroa, mtu wa Kehancha, huko juu kwenye baridi, aliyezoea kutania watu njia nzima, siku hiyo alikuwa na redio tu. Walipofika chini ya kilima alisema goti linamuuma, akabaki garini. Edinah na Irine walipanda.

"Hapa, mama," Irine alisema.

Juu ya mwamba uliojaa magamba palikuwa na miraba mitatu iliyobanduliwa kwa kisu, kila mmoja ukubwa wa kiberiti, jiwe likionekana tupu kama ngozi chini ya kidonda. Edinah alipima kwa rula, akaandika saa: tano na dakika ishirini. Kuvumwani hukua polepole kuliko ukucha. Alama ya namna hiyo haizibi kwa wiki sita, wala kwa miaka sita.

"Basi ulifika hapa," alisema.

"Kumbe ulikuwa na shaka?"

"Sikuwa nayo. Lakini imani yangu Dokta hawezi kuituma Nairobi. Vipimo vya rula anaweza kuvituma."

Irine aliketi juu ya mwamba akalia, na Edinah akaketi kando yake mpaka alipomaliza.

Jioni Edinah alifungua stoo. Maabara ilipelekewa vipande tu. Bahasha zenyewe zilibaki kwake. Maandishi ya Irine ya penseli yalikuwa safi. Karatasi za bahasha zile tatu, hata hivyo, zilikuwa na mawimbi, kama karatasi iliyolowa ikaanikwa. Akafungua daftari la mapokezi. Sampuli zilibanduliwa Alhamisi tarehe 11 Juni. Kisanduku cha sampuli kilipokelewa Jumapili tarehe 14, saa kumi na moja jioni.

Akakumbuka. Alhamisi ile Irine alishukia Karungu kumwona mamake, Maroa akaendelea peke yake na kisanduku. Hakukileta jioni ile, wala Ijumaa mchana. Alikuja kubisha Ijumaa jua likiwa limeshazama, na Edinah, Msabato, hafungui stoo mpaka Sabato ipite, Jumamosi jua likizama. Kituo kizima kilijua hivyo. Aliyetaka siku mbili alizipata.

Lakini ufunguo wa akiba alikuwa nao Leonida, mfagiaji. Edinah hakutaka kumruka mtu yeyote.

"Leonida, mwezi wa sita ulifungua stoo nisipokuwepo?"

"Nifungue nikafanye nini na mawe yenu? Kuna siku nilipanguza moja, Dokta akanifukuza kama kuku." Leonida alikung'uta ufagio. "Mwezi huo taabu yangu ilikuwa gari."

"Gari?"

"Kitambaa cha kiti cha nyuma. Ijumaa asubuhi, kesho yake safari ya Nyatike, damu tele. Maroa ananiambia ni mbuta wa Karungu. Mimi mzaliwa wa kisiwa cha Remba, kwa wavuvi, unifundishe damu ya samaki? Ile haikuwa ya samaki."

"Mbona hukusema?"

"Uliniuliza?"

Alhamisi, saa tano na nusu asubuhi, wanne walikaa ofisini. Edinah aliweka bahasha tatu mezani. Alieleza kwanza alama za mwambani, na Dokta akaandika vipimo. Kisha akamgeukia dereva.

"Maroa, Jumamosi ile ya Juni ulikuwa wapi?"

"Nyumbani. Kehancha."

"Miti ya kwenu ina magamba?"

Edinah aligeuza bahasha moja, mawimbi ya karatasi yakaonekana.

"Alhamisi ile mvua haikunyesha. Lakini bahasha hizi zililowa, na kiti kilikuwa na damu. Ulimbeba nani?"

Maroa alivua kofia. "Mama mmoja, ukishapita Karungu. Alikuwa amekaa kando ya barabara na mama mkwe wake, uchungu umemshika. Chupa ya uzazi ilipasukia ndani ya gari. Kisanduku kilikuwa miguuni pake, maji yakakiingia. Mtoto alizaliwa kabla hatujafika lango la hospitali."

"Na hukusema," Dokta alisema.

"Barua yako iko pale kwenye dashibodi, Dokta. Anayebeba abiria, kazi imekwisha. Nina watoto wanne. Zile tatu zilikuwa zimegeuka uji. Nikazitupa, nikaanika bahasha. Nikasema magamba ni magamba, na mti wa nyuma ya zizi la baba umejaa. Sikujua kuna mashine ya kuyauliza yametoka wapi."

"Kwa mama yule nisingekufukuza."

"Barua haisemi hivyo."



"Na mimi," Edinah alisema, "Jumapili niliona hesabu imetimia, sikutazama karatasi. Kosa hilo ni langu."

Irine alimgeukia Maroa. Akasema, bila kupandisha sauti, "Jumanne jioni ulinipeleka nyumbani. Jana pia. Nililia nimeinama kiti cha nyuma. Ulinisikia."

"Nilisikia."

"Ukaongeza redio."

"Niliongeza," Maroa alisema, na kichwa hakikuinuka tena.

Dokta alivuta karatasi. "Jina la Irine linakwenda kesho. Maroa, utaandika barua kwa mkono wako kwamba sampuli tatu si za kweli, nami nitaituma Nairobi leo. Ile barua ya dashibodi niletee, niiandike upya. Kuhusu kazi yako, aliyeumizwa si mimi."

Wote walimtazama Irine. Alizipanga bahasha tatu, moja juu ya nyingine, akazigeuza, akazipanga tena.

"Yule mtoto alipona?"

"Alilia kabla sijazima injini."

Irine aliinua macho. "Kesho saa kumi na mbili asubuhi tunarudi Nyatike, nikabandue nyingine tatu. Na safari hii hutabaki garini. Utapanda na mimi mpaka juu, goti liume lisiume, na kisanduku utakibeba wewe."

"Nitakibeba," Maroa alisema.