Bi Siok-hun na Mihuri ya Majirani

Kila jioni saa kumi na moja, wimbo wa gari la taka ulisikika kichochoroni kwa Bi Siok-hun. Watu walitoka na mifuko mikononi. Katika mji huu wa kusini mwa Taiwan, taka haiwekwi chini. Ukiiacha barabarani, unapigwa faini. Unalingoja gari, unatupa mfuko wako mwenyewe, na ukiwa pale unapiga umbea kidogo.

Mzee Bun-hiong, mume wa Siok-hun, hakuwahi kuchelewa. Kiharusi kilikuwa kimemlegeza upande mmoja. Kazi zote za nyumbani zilimshinda, isipokuwa hiyo ya kutoa mfuko mlangoni.

"Mimi ndiye waziri wa taka," alipenda kusema.

Siku moja likabandikwa tangazo. Gari halitaingia tena vichochoroni. Wakazi wapeleke taka barabara kuu.

Kufika huko ni lazima uvuke njia nne za magari. Siok-hun akamwambia mumewe, "Usithubutu! Nitakwenda mimi." Lakini siku ya tatu, Siok-hun akiwa jikoni anapika uji wa samaki, mzee alibeba mfuko akatoka kimya kimya. Walimkuta ameanguka katikati ya barabara, pikipiki zinamkwepa huku na huku. Bahati yake, alichubuka tu.

Siok-hun alilia, kisha akamgombeza. "Yaani nikukose wewe kwa ajili ya maganda ya viazi?"

"Nimechoka kukaa kama mzigo," mzee akajibu.

Tangu siku hiyo Siok-hun hakupata raha. Kila akigeuka, aliangalia kama mzee yupo kitini. Aliona wazi kwamba gari lisiporudi, mumewe atajaribu tena, na safari ijayo yeye Siok-hun atamzika.

Sasa, Siok-hun alikuwa na kopo la biskuti lenye mihuri thelathini na mmoja ya majirani. Huku, muhuri wenye jina lako ndio sahihi yako. Majirani walimwachia ili tarishi akileta barua ya rejista wakiwa kazini, awapokelee. Basi akaandika ombi kwa baraza la mji, akafungua kopo, akagonga mihuri yote. Dakika kumi, kazi imekwisha!

Haikupita wiki. Karani wa baraza aliwapigia simu majirani watatu. Wote wakauliza, "Ombi gani?" Ombi likatupwa. Siok-hun akaonywa kwamba kugonga muhuri wa mtu bila ridhaa yake ni kosa la jinai.

Majirani nao wakaja wamenuna. Fundi saa Liok ndiye aliyewaka zaidi. "Dada, muhuri nilikuachia wa barua. Sikukupa mdomo wangu!"

Siok-hun hakujua auweke wapi uso wake.

Kesho yake alikuja Phek-ha, binti wa chama cha watu wenye ulemavu, aliyekuwa akimletea Bun-hiong chakula kila mchana. Akasikiliza habari yote.

"Mama, shida yenu ni ya kweli," alisema. "Wewe umeichakachua tu. Unajua kwa nini gari liliondolewa?"

"Uvivu wao!"

"Hapana. Wafanyakazi wa magari wana chama chao. Mwenzao alibanwa mkono kati ya gari na pikipiki iliyoegeshwa hovyo kichochoroni. Wakapeleka picha barazani, wakasema kwa sauti moja, wakasikilizwa. Hilo ndilo kundi la shinikizo."

"Kumbe wenzetu walisukuma, sisi tumelala!"

"Ndiyo hivyo. Kura unapiga mara moja katika miaka minne. Katikati hapo usikae bubu."

"Sasa nigombee udiwani na magoti haya?"

Phek-ha akacheka. "Chama cha siasa kinataka kiti, mama. Kundi la shinikizo halitaki kiti. Linataka aliyekikalia asikie."

"Basi nimpelekee diwani keki za nanasi, asikie vizuri."

"Weee! Hiyo ni rushwa. Mpelekee ushahidi. Na mpelekee watu wenyewe."

Siok-hun alipita nyumba kwa nyumba, akarudisha kila muhuri na kuomba radhi. Kisha akaeleza ombi lake. Safari hii kila mtu alisoma na kugonga kwa mkono wake. Watano walikataa, hakuwalazimisha. Fundi Liok alisoma mara mbili, akaguna, akagonga. Phek-ha akawaunganisha na vichochoro vingine vitatu vyenye wazee. Wakapiga picha za njia, wakahesabu watu wasioweza kuvuka, wakaomba kusikilizwa katika kikao cha wazi cha baraza.

Siku ya kikao, Siok-hun alisimama na karatasi mkononi. Alieleza jinsi mumewe alivyoanguka. Bwana Kho, msemaji wa chama cha wafanyakazi wa magari, akasimama.

"Wazee hatuwachukii," alisema. "Lakini mwenzetu hadi leo hawezi kushika vijiti vya kulia chakula."

Siok-hun akaiweka karatasi chini.

"Mpeni pole yetu. Zile pikipiki ni zetu, na vyungu vya maua ni vyetu. Tutaviondoa kabla ya saa kumi na moja. Nyinyi tuleteeni gari dogo."

"Na nani atahakikisha?" diwani akauliza.

"Mimi! Majirani wanaujua mdomo wangu."

Watu wakacheka, hata Bwana Kho. Lakini diwani hakuahidi kitu siku hiyo. Kila Jumatatu Siok-hun alimpigia simu, kwa adabu, bila kuchoka. Bwana Kho naye akaliandikia baraza kwamba gari dogo linawafaa. Wiki ya sita jibu likaja. Gari dogo lijaribiwe kwa miezi mitatu. Njia ikizibwa, basi.

Siku ya kwanza, kabla ya saa kumi na moja, kichochoro kilikuwa kimefagiliwa, hakuna chungu wala pikipiki. Fundi Liok alikuja mlangoni na muhuri wake.

"Uweke koponi, dada. Wa barua tu!"

"Wa barua tu," Siok-hun akaapa.

Kisha wimbo ukasikika, ukakaribia, ukaingia kichochoroni. Bun-hiong alikuwa tayari kizingitini. Akanyoosha mkono wake mzima, mfanyakazi akaupokea mfuko.

"Ahsante, mzee."

"Kesho tena," mzee akasema.

Siok-hun alikaa ngazini. Hofu iliyombana kifuani tangu siku ile ya barabarani ilimtoka, na machozi yakaja yenyewe.

"Unalia nini tena, mke wangu?" Bun-hiong akauliza. "Taka si imeondoka?"