Bunduki Isiyovunjika ya Mzee Siraje

Bunduki ya upepo ya Mzee Siraje ilitoweka Ijumaa mchana, wanaume wa mtaa ule wa Old Kampala wakiwa msikitini. Aliporudi kutoka kuswali, aliikuta misumari miwili ukutani na juu yake hakuna kitu. Akapiga ukelele majirani wakadhani amefiwa.

Inspekta Amony alipofika, askari wa doria walikuwa wamekwisha kumtia pingu Otema, mlinzi wa geti, mbele ya mtaa mzima. Ushahidi gani? Kwamba yeye ndiye aliyebaki getini. Siku ya kufa nyani miti yote huteleza. Otema alilinda geti lile tangu alipostaafu jeshi, na sasa Jumatatu angepandishwa kizimbani kwa wizi wa silaha. Mlinzi akishaitwa mwizi, nani atampa geti jingine? Jambo hilo lilimkera Amony kabla hata hajashuka garini.

"Kikulacho ki nguoni mwako," alisema Mzee Siraje, akimkodolea macho Otema aliyekaa ndani ya gari la polisi.

Amony akamwomba aieleze hiyo bunduki. Lo! Afadhali asingeuliza. Mzee, Mnubi aliyezaliwa katika ukoo wa wanajeshi, alisahau hata kwamba ameibiwa. Bunduki ile iliwahi kuanguka kutoka kwenye bodaboda na kuburutwa barabarani. Ikazama kinamasini mpaka kitako. Ameitumia kama fimbo ya kupandia kilima, na kanga waliporuka akaigeuza na kumwangusha mmoja. Darubini ilijigonga kwenye mwamba ikapata ufa, shabaha haikuhama. Kesho alikuwa aende nayo porini tena.

"Kwa hiyo hakuna kinachoiharibu?"

"Vitu viwili tu." Mzee akainua vidole. "Kutia mafuta ya kupikia kwenye pampu, maana yakibanwa yanawaka. Na kuifyatua mtutu ukiwa wazi, umekunjwa kama wakati wa kuipakia. Utajifunga kwa kishindo na kupinda. Lakini hayo hufanywa na mjinga, na nyumbani kwangu hakuna mjinga."

Amony akaingia uani kukagua. Karibu na mlango wa jiko alisimama ghafla, akanusa. Simsim iliyoungua. Yeye Mwacholi, amelelewa kwa simsim, pua yake isingedanganyika. Ukutani palikuwa na doa jipya la masizi, na kwenye bati la jiko tundu dogo lililopenyeza mwanga. Koplo Nashon, aliyekuja naye, akapanda kwenye kiti, akachomoa kirisasi kilichonasa kwenye boriti na kukitia katika mfuko wa vielelezo.

"Mwizi gani huyu, afande," akauliza, "anayepiga risasi jikoni kwanza ndipo aibe?"

 Amony alikuwa akitazama barazani, ambako ukili mwekundu wa kushonea mkeka ulilala umekunjwa, sindano bado imechomekwa. Mzee alieleza kwamba huo ni wa mkewe, Hajati Kaltumi. Leo amekwenda Kyebando kwa mdogo wake Safinah kupeleka mkeka wa mteja, na simu yake haipatikani.

Amony akarudi garini, akaketi karibu na Otema.

"Nani alitoka getini wakati wa swala?"

"Hajati peke yake, afande."

"Alibeba nini?"

"Mkeka. Ameukunja."

"Wa rangi gani?"

"Mwekundu. Ule anaoushona kila siku barazani."

"Mbona hukumwambia Mzee?"

Otema aliinamia pingu zake. "Kazi yangu ni kuzuia wezi. Mama mwenye nyumba simpekui, na wala simsemi."

Mkeka ambao ukili wake ungali barazani na sindano ndani haujamalizika. Mshonaji gani hupeleka kwa mteja mkeka usio na pindo? Amony akawasha gari.

Kule Kyebando hakuhitaji kubisha hodi. Hajati Kaltumi alikuwa kwa fundi wa baiskeli, jirani na Safinah, ameketi juu ya ule mkeka wake mwekundu. Bunduki ilikuwa mapajani mwake. Mtutu ulikuwa umepinda kuelekea juu, na fundi alikuwa akimsihi aondoke nayo kabla polisi hawajafika. Alipoona sare, fundi akaingia ndani na kufunga mlango.

"Hajati," Amony alisema, "Otema yuko garini mwangu na pingu."

Mama alifumba macho. "Otema? Kwa nini Otema?"

"Kwa sababu ya hiyo uliyoipakata."

Ndipo akasema yote, machozi yakimtoka. Alitaka kuisafisha bunduki kabla ya safari ya kesho. Akaipaka simsim, mafuta bora ya nyumba, nje na ndani. Hakujua kama ina risasi. Ilipolia jikoni palijaa moshi. Akaufungua mtutu aone kama imeumia, kidole kikagusa kifyatulio, ukajifunga kwa nguvu. Tangu hapo ikatazama juu, naye akaifunga ndani ya mkeka ailete kwa fundi ainyooshe.

"Lakini kwa nini uisafishe? Mzee haruhusu mtu kuigusa."

"Mwanangu, akirudi kuwinda huifuta hiyo kwanza, ndipo anisalimie mimi. Miaka yote. Nikasema, akiikuta safi hatakuwa na la kufuta. Atanisalimia."

Amony aligeuka akajifanya anatafuta funguo. Kisha akaenda kumfungua Otema pingu.

Walirudi Old Kampala wote kwenye gari moja. Majirani walikuwa bado wamejaa getini. Amony akamweleza Mzee kila kitu kwa sauti ambayo mtaa mzima uliisikia, hata habari ya mtu ambaye nyumbani kwake hakuna mjinga. Kicheko kikapita. Kisha akamnyooshea bunduki yake, mtutu ukielekea mawinguni.

Mzee Siraje aliitazama. Mkono wake ukanyanyuka nusu, ukashuka. Akaipita. Akamshika Otema mikono yote miwili, akamwomba radhi pale pale walipomfunga, na akamwomba arudi kwenye geti lake. Otema alikubali kwa kichwa.

Halafu Mzee akageuka.

"Asalaam alaykum, Kaltumi. Umeshindaje, mke wangu?"

Hajati alijifunika uso kwa mtandio, akacheka na kulia.

"Na hii, Mzee?" Amony aliuliza, mkono umeanza kuchoka.

"Hiyo iweke chini tu, afande. Imezoea shida."