Ameacha Mchumba

“Bibi, shika gazeti uone mkwe wako alivyotoka!”

Aliyesema hivyo ni Josephat, mnunuzi wa sangara, amekaa sebuleni kwetu Mkolani kavaa suti nzito na joto lile. Pembeni yake shangazi yake Dorotea, ndiye msemaji wao. Mbele yao mwanangu Mashimba, anacheka mpaka magego yanaonekana. Ilikuwa mwaka tisini na saba, mwezi wa nane, na siku hiyo walikuja kumaliza maneno ya posa, harusi ipangiwe tarehe.

Anayeposwa ni mjukuu wangu Suzana, binti wa Mashimba, niliyemlea mimi. Wiki mbili kabla, baba yake alikuwa amemtoa chuo cha uandishi wa habari akiwa mwaka wa pili, ili aolewe. Tangu hapo ukimwuliza neno anajibu “sawa,” basi. Siku hiyo alikuwa anagawa soda kama mtu anayegawa dawa.

Nikapokea gazeti. Mimi darasa niliishia la tatu. Nasoma kwa kidole, neno moja moja, lakini nafika.

“Naona samaki,” nikasema. “Naona na gari lako la barafu. Na hapa chini yake pameandikwa tanzia.”

“Hiyo achana nayo, Mama,” Mashimba akasema. “Tuko kwenye furaha.”

Lakini kidole kilikwishaanza, na mimi nikianza mstari siuachi katikati.

“Ndugu Nathaniel Owiti, mwanafunzi wa mwaka wa pili, chuo cha uandishi wa habari, Mwanza, amefariki ghafla. Ameacha mama, wadogo watatu, na mchumba wake...”

Nikaurudia ule mstari kwa kidole, nikidhani macho yananicheza.

“Mchumba wake nani?” Dorotea akauliza.

“Suzana Mashimba wa Mkolani, aliyempenda kuliko alivyoweza kusema.”

Trei ikaanguka. Suzana alikaa chini, palepale kwenye soda na vipande vya chupa, akatoa sauti ambayo sijaisikia tangu siku tuliyomzika mama yake.

“Mayu, mama wee!” nikaruka kumshika. “Mwanangu, utajikata!”

Dorotea alikwishasimama. “Kumbe tumekuja kuposa mjane!”

“Mama Dorotea, ngoja kwanza,” Mashimba akasema. “Hili jambo hata mimi silijui.”

“Hulijui, na limo gazetini? Mzee Mashimba, kwetu msichana aliyefiwa na mchumba haingii nyumba ya mtu mpaka matanga yaishe na atakaswe. Huyu Josephat mitumbwi yake iko majini sasa hivi. Mkosi wa binti yenu aubebe yeye?”

“Shangazi, labda tungesikiliza...” Josephat akaanza.

“Usikilize nini? Unataka injini zako zikae chini ya ziwa? Inuka!”

Josephat akamtazama Suzana pale chini. Akanyanyua kiatu juu, asikanyage soda, akapita. Tukasikia gari linawashwa.

Mashimba akageuka. Mshipa wa shingo ulikuwa umemsimama.

“Suzana! Una mchumba, na mimi baba yako napata habari gazetini?”

“Sina mchumba, Baba.”

“Gazeti linasema uongo?”

“Hakuwahi kuniambia. Hata siku moja. Karibu miaka miwili tumekaa benchi moja, ananiachia nusu ya chapati yake, ananibebea redio kaseti ya mazoezi, lakini hasemi.”

“Sasa kama hajakwambia, unalia nini?”

“Nalia kwa sababu nilikuwa nasubiri aseme.”

Mashimba akachukua kofia yake akatoka.

Nikamwosha Suzana miguu, nikamfunga kanga kiunoni, tukaenda dukani kwa Tereza kwenye simu. Tereza ndiye aliyemzungushia namba.

“Haloo, chuoni hapo? Ni Suzana Mashimba. Nathaniel... amelazwa wapi?”

Nikasogeza sikio. Alikuwa karani wa chuo, naye analia.

“Dada Suzana, hata sisi tumesoma gazetini. Aliondoka Jumatatu kwenda Kigongo kuandika habari za kivuko, hajarudi. Mwalimu Getruda ndiye hupeleka matangazo gazetini, naye kasafiri kwenda Musoma. Hatuna wa kumwuliza.”

Suzana akakata simu. “Kigongo, Bibi. Ameenda na maji.”

Ilikuwa mwaka na kitu tu tangu ile meli kubwa izame, na Mwanza nzima, ukitaja ziwa na mtu asiyerudi, watu walikuwa wanakaa chini.

“Kesho asubuhi tutakwenda,” nikamwambia. “Kama ni mwili, tutausindikiza kwa mama yake. Hatuwezi kumwacha akae na wageni.”

Asubuhi tukafika Kigongo. Malori yamepanga foleni, akina mama wanakaanga samaki, kivuko kiko ng’ambo kule Busisi. Suzana kajifunga kanga kama mfiwa, macho yamevimba. Nikamwendea mama mmoja wa samaki nimwulize kama kuna mwili uliotolewa majini wiki hiyo. Kabla sijamaliza kusema, mtu akaniamkia kutoka nyuma.

“Shikamoo, Bibi.”

“Marahaba, baba,” nikajibu, nikageuka.

Alikuwa yule kijana mrefu aliyewahi kumsindikiza Suzana mpaka kwetu, akapewa maji, akashukuru, akaondoka. Mkono mmoja daftari, mwingine samaki.

“Bibi, mbona hivyo? Mmefiwa? Suzana, pole sana. Nani amefariki?”

Suzana akamtazama kuanzia miguuni. Akamgusa kifua kwa kidole kimoja, kama anayepima uji. Halafu akamtandika kofi, samaki akaruka.

“Wewe! Wewe ndiye umefariki!”

“Mimi?”

“Limo gazetini! Bibi kasoma, wageni wamesikia, Mwanza nzima inakulilia! Na wewe uko hapa unakula samaki!”

Nathaniel akashika shavu. Nikaona rangi inamtoka usoni polepole.

“Mungu wangu. Zoezi.”

“Zoezi gani?” nikauliza.

“Bibi, alipotoka tu Suzana chuoni, Mwalimu Getruda alitufundisha kuandika tanzia. Akasema ni vibaya kumwandikia mtu mwingine aliye hai, kwa hiyo kila mtu aandike ya kwake mwenyewe. Lazima bahasha ya mazoezi imechanganyika na ya matangazo.”

“Na mchumba?” Suzana akauliza. Sauti ilikuwa imeshuka.

Kijana akatazama chini.

“Nauliza na mchumba, Nathaniel! Nalo zoezi?”

“Mwalimu alisema tanzia haiandikwi uongo. Nikajua atakayesoma ni yeye peke yake.”

“Kwa hiyo ulikuwa tayari ufe ndiyo nijue?”

“Nilisikia unaolewa na mtu mwenye magari. Mimi nina baiskeli, tena ya kuazima. Ningesema nini?”

“Ungesema!”

Wale akina mama wa samaki wote walikuwa wameacha kukaanga. Mmoja akapaza sauti: “Sema basi, baba, samaki wanaungua!”

Nathaniel akasema. Kwa sauti ndogo, lakini akasema, na mimi nikatazama ziwa ili nisiwasikie.

Tuliporudi Mkolani alasiri pamoja na Nathaniel, gari la Josephat lilikuwa mlangoni. Dereva wake mmoja, aliyekuwa kwenye foleni ya malori kule Kigongo, alikuwa amesikia kelele zetu na kumwona marehemu, akawahi kupeleka habari. Dorotea alikuwa amekaa kwenye kiti kilekile, anatabasamu.

Mashimba alipomwona Nathaniel, akainua mkono. “Asivuke! Mtu aliyetangazwa kafa haingii kwangu hivihivi.”

Alisema kweli. Kwetu hatuchezi na hayo. Nikaleta maji kwenye kibuyu, nikamnyunyizia kichwani, pale nje.

“Jina lako?”

“Nathaniel Owiti.”

“Unatoka wapi?”

“Kigongo, Bibi. Kwetu ni Mara.”

“Kwa wafu hukufika?”

“Sikufika.”

“Pita.”

Dorotea akakohoa. “Mambo yamekuwa mepesi, mzee Mashimba. Kijana yu hai, binti hajafiwa, mkosi hakuna. Tupange tarehe yetu.”

“Ni kweli,” Josephat akasema. “Mimi sina kinyongo.”

Mashimba akamtazama binti yake. Nikajua la kwenye ulimi wake ni kukubali, maana nimemzaa mimi. Lakini Suzana alimwahi. Alipiga magoti mbele ya baba yake, akamgeukia Josephat.

“Kaka Josephat, jana ulidhani nimefiwa?”

“Ndiyo, nilidhani.”

“Ulinipa pole?”

Josephat akamtazama shangazi yake.

“Nilikuwa nimekaa kwenye vipande vya chupa. Ulininyanyua? Hata neno ‘pole’ tu, ambalo watu wanampa hata mtu aliyejikwaa njiani, ulilisema?”

“Ilikuwa ghafla, Suzana.”

“Kila msiba ni ghafla.”

Nilimwona Mashimba anakaa taratibu. Akavua kofia.

“Suzana,” akasema, “hata mimi sikukupa pole.”

“Baba...”

“Niache niseme. Mwanangu alifiwa mbele yangu, nikamgombeza.” Macho yake yalikuwa mekundu. “Pole, mama. Pole sana.”

Sijawahi kumwona mwanangu akilia tangu alipokuwa mtoto. Dorotea alichukua mkoba wake bila kuambiwa, na Josephat akamfuata. Safari hii aliaga.

Mashimba akajifuta uso, akamgeukia Nathaniel aliyekuwa bado anadondosha maji.

“Na wewe, marehemu.”

“Naam, mzee. Shikamoo.”

“Marahaba. Huyu anarudi chuo Jumatatu, anamaliza, ndipo mengine. Umesikia?”

“Nimesikia, mzee.”

“Nenda Mara ukaniletee wazee wako. Na waje na mtu anayejua kuongea, maana wewe tukikutegemea, tutasubiri mpaka ufe tena.”