Uzi wa Bibi Sijaona

Mama yangu mkubwa, Anastasia, alikuwa fundi wa kufuma vitambaa pale Lulindi. Mambo haya yalimpata mwaka 1954. Alinisimulia mara moja tu, uzeeni, akiwa ameutazama ukuta.

Mwaka huo akina mama wa kanisa walimwomba afume kitambaa cha altare kwa ajili ya Pasaka. Akapanda lori la Lukmani, mtu wa Lisekese aliyekuwa akipeleka chumvi Newala, ili akatafute uzi na pamba ya kusokota. Ilikuwa safari njema. Newala alizunguka duka hadi duka, akivuta nyuzi kwa vidole, akizinusa, akizipima kwa jua. Alipata uzi wa dukani na kapu zima la pamba. Hata hivyo hakuridhika. Uzi mwembamba aliokuwa akiutamani hakuuona.

Wakati wa kurudi, walipofika Mkunya, rejeta ya lori ilianza kutoa moshi. Lukmani akasimama mbele ya nyumba ya bibi mmoja aliyekuwa barazani akisokota uzi. Jina lake Sijaona. Walimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, na Lukmani akaeleza kwamba gari linataka maji.

Kule juu mlimani maji ni taabu. Wanawake huyafuata bondeni, kushuka na kupanda, nusu siku imekwisha. Lakini yule bibi aliingia ndani, akatoa mtungi wake wa mwisho, akawapa maji yote.

Gari lilipokuwa likipoa, Mama mkubwa aliuona uzi. Donge moja, ndani ya ungo. Mwembamba kama unywele, umenyooka, hauna kifundo. Akaomba kuununua.

"Huo hauuzwi, mwanangu," bibi alisema. "Pamba yake aliipanda marehemu mume wangu. Ndio nitakaofungiwa sanda."

Kisha akajitwika mtungi mtupu, akashuka bondeni kutafuta maji mengine.

Lukmani alikuwa ameinamia injini. Barazani hapakuwa na mtu. Mama mkubwa alisema mkono wake ulikwenda wenyewe, halafu akasema hapana, aliupeleka yeye.

Waliondoka bibi hajarudi. Alianza kufuma nyumbani kwake siku ya pili, saa sita mchana, mlango wazi, majirani wakitwanga nje. Uzi ulikuwa umelowa. Akauanika juani, ukakauka. Alipoushika tena, ulikuwa umelowa.

Siku ya tatu alisikia mtu akihema nyuma yake, kama aliyepanda mlima na mzigo kichwani. Aligeuka. Hapakuwa na mtu. Sakafuni palikuwa na matone ya maji, kutoka mlangoni mpaka kwenye kiti chake.

Siku ya nne sauti ilimjia sikioni, ya upole kabisa.

"Mwanangu, maji yalitosha?"

Akafumua yote aliyokuwa amefuma, akauviringa uzi tena. Juma lile lile alimsihi Lukmani, naye akamrudisha Mkunya bila kujua sababu.

Barazani alimkuta mwanamke wa makamo, Kibibi, binti wa yule bibi. Kibibi alimweleza kwamba mama yake alishuka bondeni siku ile ya lori na hakurudi. Walimkuta kesho yake, amekaa kando ya kisima, mtungi umejaa, amekwisha kufa. Walipotaka kumzika waliutafuta uzi wake nyumba nzima. Mwishowe Kibibi alichana pindo la kanga yake, wakamfungia sanda kwa hilo.

Mama mkubwa angeweza kumpa pole akaondoka. Alisema aliwaza hivyo. Lakini akapiga magoti, akalitoa donge, akaeleza yote aliyoyatenda.

Kibibi hakulishika.

"Mpelekee mwenyewe," alisema.

Kaburi lilikuwa nyuma ya mikorosho. Kibibi alisimama mbali. Mama mkubwa alifukua shimo dogo kwa mikono, upande wa kichwa, akaomba radhi, akautumbukiza uzi na kuufukia. Ncha moja ilibaki imenata kwenye kiganja chake cha kulia. Akataka kuibandua.

Ncha ikavutwa.

Alidhani ni upepo. Hapakuwa na upepo. Majani ya mikorosho yalikuwa yametulia. Uzi ulikaza. Ukaanza kupita kiganjani mwake, polepole, ukiingia udongoni. Akataka kufungua mkono. Vidole vilikataa. Uzi ukapita. Ukapita. Alikuwa amelifukia donge zima, lakini uzi ulikuwa ukitoka ndani ya kiganja chake. Alitazama. Hakukuwa na damu.

Kisha ukakatika. Chini ya udongo, mtu akashusha pumzi.

Alipogeuka, Kibibi alikuwa amekwisha kwenda zake.

Kitambaa cha altare alikifuma fundi mwingine. Mama mkubwa hakushika tena uzi maisha yake yote, hata wa kushonea kifungo. Kiganjani mwake ulibaki mstari mweupe, mwembamba, kutoka kidole gumba hadi kifundo cha mkono. Watu wakimpa mkono, alikuwa akitoa wa kushoto, kisha anaomba samahani. Wengi walimwona hana adabu. Hakujitetea.

Alipofariki nilikuwa miongoni mwa wanawake tuliomwosha. Alikuwa amekata roho tangu alfajiri, na mwili wote ulikuwa umepoa. Nilikifungua kile kiganja, nikaugusa mstari.

Ulikuwa na joto.